Kompyuta inanunuliwa tena, kazi iliyo ndani yake hainunuliwi

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara wengi wa Goma, Bukavu, Uvira, Butembo na Bunia wamelisikia shauri hilo. Madeni ya wateja, hesabu ya stoki, orodha ya wanafunzi na minervale waliyokwisha kulipa, mishahara ya wafanyakazi: vyote vimetoka katika kaye ya karatasi na kuingia katika kompyuta. Ni jambo zuri. Lakini swali moja limebaki bila jibu: daftari lenyewe likipotea, itakuwa namna gani?

Pita katika sekretaria publiki za miji yetu, zile nyumba ndogo za kuchapa, kuskani na kutoa fotokopi. Utakuta mlango una kufuli mbili, dirisha lina vyuma, na usiku kuna mlinzi. Chombo kinalindwa vizuri. Kilicho ndani ya chombo hakina mlinzi. TFC za wanafunzi, statiti za mashirika, mikataba ya kuuza viwanja, barua za viongozi, vyote vimelala katika disiki moja bila nakala ya pili.

Sisi tunasema wazi: mtu anayeweka kitu cha maana katika kompyuta moja tu, bila nakala pahali pengine, bado hajakihifadhi. Na kama kitu hicho ni cha mteja, basi ana deni kwa mteja huyo. Kompyuta ikiharibika, mtu atahangaika, atakopa, atanunua nyingine. Hesabu ya miaka mitatu haiuzwi katika duka lolote.

Katika upande huu wa inchi, hatari hizo tunazijua kwa majina na tarehe. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji wa Goma. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na tarehe 27 Mei wakaaji wa kartie 10 kati ya 18 za mji waliamriwa kuondoka. Wengi walikwenda na kile walichoweza kubeba tu. Mwanzoni mwa Mei 2023 mafuriko yalifagia Bushushu na Nyamukubi katika teritware ya Kalehe. Mwisho wa Januari 2025 huko Goma, na katikati ya Februari huko Bukavu, maduka na depo ziliporwa katika siku za mapigano. Na kule Kadutu, ambako nyumba za mbao zimebanana, moto ulioanzia katika nyumba moja unaweza kumaliza nyingi kabla maji hayajafika.

Katika saa kama hizo hakuna anayekimbia na kompyuta ya mezani, skrini na waya zake. Flashi inaingia katika mfuko wa shati. Na nakala iliyokwisha kutumwa kwenye intaneti haihitaji kubebwa na mtu.

Lakini tusingoje volkano wala vita. Adui wa kila siku ni umeme. Unakatika katikati ya kazi, kisha unarudi kwa nguvu isiyo sawa. Kukatika kunapoteza kazi ambayo haijahifadhiwa. Kurudi kwa ghafla kunaweza kuchoma chombo au kuharibu disiki. Umeme ukikatika, chomoa waya ukutani, usizime swichi tu. Ukirudi, ngoja dakika chache utulie ndipo urudishe waya. Wakati wa mvua na radi fanya vilevile, na chomoa pia waya wa intaneti kama upo, kwani mashariki mwa Kongo ni kati ya pahali panapopigwa na radi nyingi sana duniani.

Wengi wanachanganya stabilizatere na ondulere. Stabilizatere inasawazisha nguvu ya umeme, lakini umeme ukikatika kompyuta inazimika papo hapo. Ondulere ina betri ndani yake: inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kompyuta kwa utaratibu. Dakika hizo si za kuendelea kuchapa. Usiunganishe printa ya leza kwenye upande wa betri, kwani inapopata joto inavuta umeme mwingi na kuichosha ondulere. Na betri hiyo inazeeka: kama kompyuta inazimika mara tu umeme unapokatika, ondulere yako imebaki kuwa sanduku tupu.

Kuna pia kinga isiyogharimu hata franka moja. Katika Word, fungua "Fichier", kisha "Options", kisha "Enregistrement". Hapo utaona kila baada ya dakika ngapi Word inaweka akiba ya kazi yako. Kwa kawaida ni dakika 10. Weka 2. Na kidole kizoee Ctrl na S kila mwisho wa aya, kama fundi cherehani anavyozoea kukata uzi.

Adui wa pili ni virusi vinavyotembea kwa flashi. Katika sekretaria publiki, flashi za watu wengi zinaingia katika kompyuta moja tangu asubuhi mpaka jioni. Kila mwanafunzi anaijua ile hali: unafungua flashi, faili zote zimegeuka "raccourci", na hakuna inayofunguka. Mara nyingi faili zenyewe bado zipo. Virusi vimezificha tu. Usiguse hizo "raccourci", na Windows ikikuuliza kama unataka "formater", kataa. Pima kwanza flashi kwa antivirusi. Kisha, katika "Invite de commandes", andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako pahali pa E. Mara nyingi faili zitaonekana tena. Ukishaziona, zinakili kwanza pahali salama, ndipo usafishe flashi.

Kuna virusi vibaya zaidi ya hivyo: vinafunga faili zote kwa ufunguo wa siri na kudai feza. Mwezi wa Mei 2017, virusi vilivyoitwa WannaCry vilishika kompyuta katika inchi nyingi, hata za hospitali za Uingereza, kwa kupitia Windows ambazo hazikuwa zimepata marekebisho ya usalama. Somo hilo linatuhusu. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft imemaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi tunazonunua za okazyo bado zinatumia hiyo. Hatusemi mtu azitupe. Tunasema kompyuta ya namna hiyo isiachwe bila antivirusi, isiwekewe programu za kuvunjwa zinazopitishwa mkono kwa mkono, na zaidi ya yote isiwe pahali pekee penye hesabu zako.

Dawa ya hatari hizo zote ni moja, na mafundi wa dunia nzima wanaijua kama kanuni ya 3-2-1. Kazi ya maana iwe na nakala tatu. Ziwe juu ya vyombo vya aina mbili. Na moja ikae mbali na nyumba. Kwa mfano, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ana faili ya hesabu katika kompyuta: hiyo ni ya kwanza. Kila jioni anainakili kwenye flashi au disiki ya nje, kisha anaichomoa na kwenda nayo nyumbani: hiyo ni ya pili. Mara moja kwa wiki anaituma kwenye anwani yake ya Gmail au kwenye Google Drive, ambayo inatoa nafasi ya giga 15 bila malipo: hiyo ni ya tatu. Kama intaneti haipo, basi flashi nyingine inakaa kwa dada au kwa shemeji katika kartie nyingine, na inabadilishwa kila wiki.

Ni vizuri pia kujua kile ambacho watu wanakiita nakala na si nakala. Kunakili faili kutoka dosie moja kwenda dosie nyingine ya disiki ileile hakusaidii: disiki ikifa, zote mbili zinakufa. Flashi isiyochomolewa kamwe itaungua pamoja na kompyuta, itaibiwa pamoja nayo, na virusi vitaifunga pamoja nayo. Kujitumia faili kwa WhatsApp kunafaa kwa siku moja au mbili, lakini usikufanye ghala: simu ikipotea au ukibadilisha namba, unaweza kukosa njia ya kurudisha faili hizo. Hata Google Drive inataka macho: kama umeiunganisha na kompyuta, faili unayoifuta hapa inafutika kule pia, na kapu la takataka linaishika kwa siku 30 tu.

Tena nakala ambayo haijajaribiwa haiaminiki. Mara moja kwa mwezi, chukua ile flashi, ifungue katika kompyuta nyingine, tazama kama hesabu ya wiki iliyopita ipo kweli. Andika tarehe katika jina la faili, kwa mfano "stoki-2026-03-14", ili usije ukafuta mpya kwa kuweka ya zamani.

Msomaji atatuambia: mega ni ghali, na intaneti inakatika. Ni kweli. Lakini kinachokula mega ni picha na video. Faili ya Excel ya duka dogo mara nyingi haifiki hata mega moja, na TFC ya kurasa 60 isiyo na picha nyingi ni nyepesi vilevile. Picha za sherehe na filamu zibaki katika disiki. Hesabu na maandishi ndiyo ya kutuma. Mwingine atasema hana feza za disiki ya nje. Flashi mbili nzuri zinatosha kuanza, na gharama yake hailingani na siku moja ya kubishana na mteja juu ya deni ambalo halina tena ushahidi.

Ushahidi huo ni jambo la sheria pia. Kanuni za hesabu za OHADA, ambayo inchi yetu imo ndani yake tangu 2012, zinadai kampuni ihifadhi vitabu vya hesabu na hati zake kwa miaka 10. Mtu wa kodi akifika, "kompyuta iliungua" haitakuwa risiti.

Na kuna upande ambao hauzungumzwi sana: siri za wateja. Katika kompyuta nyingi za sekretaria publiki, kadi za uchaguzi, diplome na pasipoti zilizoskaniwa zimebaki wazi kwenye skrini, na yeyote anayekaa pale anaweza kuzifungua. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuzitumia kutafuta mkopo au kusajili namba ya simu kwa jina la mwingine. Code du numérique, iliyotangazwa tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za watu binafsi. Mwenye nyumba ya kuchapa na aweke sheria rahisi: mteja akishapata kazi yake, aulizwe kama faili ibaki au ifutwe. Ikibaki, iwekwe katika dosie ya neno la siri. Programu ya bure kama 7-Zip inafanya hivyo. Flashi inayotembea mfukoni nayo ifungwe kwa neno la siri, na namba za siri za M-Pesa au Airtel Money zisiandikwe katika faili yoyote.

Tunajua kwamba mzigo huu hauwezi kubebwa na wafanyabiashara peke yao. Vyuo vikuu vinavyodai TFC iliyochapwa vingeweza pia kumtaka mwanafunzi, kila baada ya sura moja, atume nakala kwa direktere wake. Kwa njia hiyo mwaka mzima wa kazi haungelala katika flashi moja. Vyama vya wafanyabiashara, ambavyo vinakusanya wanachama kila mwezi, vingeweza kutoa nusu saa kwa jambo hili. Na wale wanaotusambazia umeme wajue kwamba kukata na kurudisha bila kutangaza kunagharimu zaidi ya giza: kunaunguza vyombo vya watu.

Lakini kazi ya kwanza haingoji mtu. Siku ya posho, wakati wa salongo, tunafagia mbele ya maduka kabla ya kufungua. Siku hiyohiyo, fundi na mwenye duka watoe dakika 15 kwa salongo ya kompyuta: kunakili hesabu za wiki, kutuma nakala moja mbali, kufuta hati za wateja zisizotakiwa tena, kujaribu kufungua nakala ya zamani. Katika sekretaria yenye wafanyakazi wawili au watatu, mmoja apewe kazi hiyo kwa jina, na aandike katika kaye tarehe aliyoifanya. Kazi isiyokuwa na mwenyewe, kila mtu anadhani mwenzake ameifanya.