Panya wa utafiti wazalishwe hapa nchini

Ukitaja panya hapa Matisi, Trans Nzoia, watu hukumbuka ghala la mahindi na magunia yaliyotobolewa. Kwa hiyo serikali ikisema inatenga fedha za kufuga panya, wengi watalalamika kwamba kodi yao inachezewa. Mimi nafundisha biolojia katika shule ya upili hapa Kitale, na nasema fedha hizo zinahitajika, na zimechelewa.

Nianze na nagana, ugonjwa wa ng'ombe, kwa sababu ndiyo iliyotutia umaskini nyumbani. Kwetu hasa ni Bungoma, ile tambarare inayoelekea mpaka wa Uganda. Ng'ombe wa baba walikonda mpaka mbavu zikahesabika, manyoya yakawasimama, wakawa wanabaki nyuma kundi likienda mtoni. Walikufa mmoja mmoja. Chanjo haikuwepo, na mpaka leo haipo, kwa kuwa kijidudu kinachoenezwa na mbung'o hubadilisha gamba lake kila mara kinga ya mwili inapokaribia kukitambua.

Lakini Afrika Magharibi kuna ng'ombe aitwaye N'Dama, anayeumwa na mbung'o huyo huyo na bado akaishi na kuzaa. Boran wetu hawezi. Siri imo katika jeni, ila kuitafuta kwa ng'ombe pekee ni kazi ya kuzeekea: mimba miezi tisa, ndama mmoja. Panya hubeba mimba siku 20 hivi, huzaa watoto kadhaa kwa mpigo, na mtoto akifikisha wiki sita hadi nane naye yuko tayari kuzaa.

Ndiyo maana wanasayansi wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) pale Kabete, Nairobi, waligeukia panya. Walikuta kwamba panya weusi wa ukoo wa C57BL/6 wakiambukizwa kijidudu cha nagana hustahimili kwa miezi, ilhali wale weupe wa ukoo wa A/J hufa baada ya wiki chache. Wakawachanganya, wakapima wajukuu, na mwaka 1997 wakatangaza sehemu tatu za kromosomu zinazobeba ustahimilivu huo. Kisha wakatumia mbinu iliyopendekezwa mwaka 1995 na Darvasi na Soller: usiishie kwa wajukuu, endelea kuwachanganya kizazi baada ya kizazi, uhakikishe ndugu hawapandani. Kila kizazi hukatakata kromosomu vipande vidogo zaidi, na eneo la kutafuta jeni linazidi kupungua. Baadaye, mwaka 2003, ramani ya sehemu za kromosomu zenye ustahimilivu ikatoka kwa ng'ombe wenyewe, waliotokana na N'Dama na Boran.

Huo ni uvumbuzi wa ufugaji, na watu wa Trans Nzoia wanaijua kazi ya aina hiyo, kupitia mahindi, kuliko wanavyodhani. Mbegu ya mahindi ya H611 ilitoka katika kituo cha utafiti cha Kitale mwaka 1964. Waliowahi kufanya kibarua cha kung'oa mbelewele katika mashamba ya mbegu wanajua mnyapara anavyofoka mstari mmoja ukirukwa, kwa sababu chavua ya mhindi usiotakiwa huharibu mbegu ya shamba zima. Kwa panya ni hivyo hivyo. Ukoo safi wa kuanzia, tofauti na ule wa kuchanganya, hupatikana kwa kupandanisha kaka na dada vizazi 20 au zaidi mfululizo, na panya mmoja akirudishwa kizimba kisicho chake, kazi hiyo yote imeingia doa.

Basi nidhamu iko mikononi mwa mhudumu wa panya. Anamshika panya shingoni, anatoboa sikio kwa kifaa kidogo kama koleo, tundu mahali pake maalumu ili namba isomeke. Kile kinyama kilichotoka hakitupwi: kinatiwa kwenye kichupa na kupimwa jeni. Jeraha moja dogo, alama na sampuli vimepatikana pamoja. Naipenda sana mbinu hii, kwa sababu mnyama hasumbuliwi mara mbili. Tena tangu mwaka 1972 inawezekana kugandisha viinitete vya panya kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri na kuvizalisha baadaye, hivyo si lazima kufuga na kuua maelfu ili tu ukoo usipotee. Wahudumu wa upandishaji wa ng'ombe wanaopita hapa kwa pikipiki tayari wanabeba mitungi ya naitrojeni ya baridi hiyo hiyo. Ujuzi wa mwanzo upo.

Kinachoniuma ni hiki. Mradi mkubwa wa kimataifa uitwao Collaborative Cross, unaochanganya koo nane za panya ili kupata koo mpya nyingi, ulikuwa na sehemu yake Kabete. Sehemu hiyo ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Tel Aviv. Koo zilizoanzia Kenya sasa hujibu kwanza maswali ya wanaozitunza, na kijana wetu anayetaka kuchunguza nagana au malaria kwa kutumia koo hizo lazima aombe ng'ambo.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 inataka Hazina ya Utafiti ipewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Kiwango hicho hakijafikiwa. Bajeti husomwa mwezi Juni, na wabunge wa Trans Nzoia na Bungoma wana kura. Wadai nyumba ya kuzalisha panya katika chuo kikuu cha umma huku magharibi, pamoja na hifadhi ya viinitete. Na kabla ya vizimba na mashine kununuliwa, iandikwe mishahara ya kudumu ya wahudumu wenye diploma. Kibarua wa miezi mitatu hawezi kutunza ukoo wa vizazi 20.