Vijana wa Msalaba Mwekundu wasikumbukwe wakati wa maafa tu

Desemba 2023, matope yalipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu za mji wa Katesh, mkoani Manyara, vijana wa Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania walikuwa miongoni mwa waliojitosa kuokoa watu na kutoa huduma ya kwanza. Aprili 2024, mafuriko ya Mai Mahiu nchini Kenya yaliwaita wenzao kazini.

Tatizo huanza maji yakishakauka. Kijana aliyesifiwa jana husahaulika hadi king'ora kingine kilie.

Kujitolea ni mojawapo ya misingi saba ya Msalaba Mwekundu iliyopitishwa Vienna mwaka 1965, lakini kujitolea si kujigharamia. Anayeingia matopeni kwa ajili ya wengine anastahili nauli, chakula, mabuti na bima. Anahitaji pia ushauri nasaha baada ya kubeba maiti, mazoezi ya mara kwa mara, cheti kinachotambuliwa na waajiri, na kiti chenye sauti katika vikao vya tawi.

Henry Dunant, mmoja wa waasisi wa Msalaba Mwekundu, alikuwa na miaka 31 tu alipowahudumia majeruhi wa vita vya Solferino mwaka 1859. Basi viongozi wa matawi wawaachie vijana nafasi ya kuamua, na hiyo bima iwe tayari kabla ya masika.