Mashua ikipasuka ziwani Busia, hasara ni ya nani?

Jina la Busia linapotajwa, wengi hufikiria misururu ya malori yanayosubiri kuingia Uganda, kama ilivyo Malaba upande wa kaskazini. Hata hivyo, Kaunti ya Busia ina mlango mwingine wa mpakani ambao hauzungumziwi sana, nao ni Ziwa Victoria. Kutoka Port Victoria na Sio Port, mashua za mbao hubeba samaki, abiria na bidhaa kuelekea visiwa vya Uganda, kikiwemo Sigulu. Huko, adui mkubwa wa chombo mara nyingi haonekani: mwamba, kisiki au mabaki ya ukuta yaliyofunikwa na maji.

Tofauti kati ya milango hiyo hudhihirika ajali inapotokea. Lori la Kenya likimjeruhi mtu Uganda, Kadi ya Njano ya COMESA, iliyoanza kutumika mwaka 1987, hugharimia madai ya aliyeathirika. Mashua ikigonga kizuizi, aghalabu hakuna bima yoyote. Mbao, injini, nyavu na shehena huwa hasara ya mwenyewe, na mabaharia hukosa kazi hadi fundi amalize.

Ziwa lenyewe limeongeza ugumu. Mwaka 2006 maji yalipungua mno, miamba iliyokuwa mbali chini ikakaribia uso wa ziwa. Mei 2020 yakapanda hadi kuvunja rekodi ya mwaka 1964, na mwaka 2024 yakapanda tena kupita kiasi. Katika eneo la Budalang'i, ambalo tayari husumbuliwa na mafuriko ya Mto Nzoia, ziwa lilimeza miti, nyumba na mashamba ya ufuoni. Nahodha aliyeijua njia kwa kuikariri alilazimika kujifunza upya.

Ramani nazo hazikumsaidia sana. Kwa muda mrefu ramani za ziwa hilo zilitegemea upimaji uliofanywa na Waingereza enzi za ujenzi wa reli ya Uganda, zaidi ya karne moja iliyopita. Alama za kuonya wasafiri ni chache, na usiku mwanga wa tochi hauwezi kuonyesha kilicho chini ya maji.

Chombo kikishagonga, dakika za mwanzo ndizo huamua. Injini huzimwa ili rafadha isiendelee kuvunjika, abiria huvaa majaketi ya kuokolea, na uzito huhamishwa mbali na upande uliopasuka. Tundu huzibwa kwa nguo au gunia huku maji yakifuliwa. Kosa la hatari ni kukivuta chombo kwa pupa kutoka kwenye mwamba kabla ya kulikagua tundu, kwa maana huenda mwamba huohuo ndio umelizuia maji. Ufuoni, kukalafati nyufa pekee hakutoshi ikiwa mkuku au mataruma yamevunjika. Ubao hubadilishwa, la sivyo chombo kitafunguka tena katika wimbi la kwanza kubwa.

Sheria hazikosekani. Kenya ina Mamlaka ya Masuala ya Bahari, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006, yenye jukumu la usalama wa vyombo hata katika maziwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha Sheria ya Uchukuzi wa Ziwa Victoria mwaka 2007, na Kamisheni ya Bonde la Ziwa hilo ina makao yake Kisumu. Pengo liko katika utekelezaji kwenye fuo ndogo. Isitoshe, wavuvi wa Budalang'i wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu kukamatwa na maofisa wa Uganda, hivyo aliyepata ajali ng'ambo ya mpaka ana sababu ya kusita kuomba msaada wa karibu.

Mwaka 2018 marais wa Kenya na Uganda walizindua kituo cha pamoja cha mpakani mjini Busia ili lori lihudumiwe mara moja badala ya mbili. Ziwani, hatua ya kwanza ingegharimu kidogo zaidi: vikundi vya usimamizi wa fuo vya pande zote mbili kuorodhesha miamba na visiki vinavyojulikana, kuviwekea maboya na kupashana habari za ajali. Hatua ya pili ni bima ya mashua inayotambuliwa kotekote. Bila hayo, biashara ya mpakani itaendelea kulindwa barabarani, huku ile ya majini ikiachiwa bahati.