Mkilua na Jamaa Zake



Kikuba kisicho na kilua, kina mama wetu hukiona kimepungukiwa. Rihani itakuwamo, asumini itakuwamo, vipande vya mkadi vitatiwa, lakini bibi akikinusa atauliza, "Na kilua ki wapi?" Wiki hii tumependa kuuzungumzia mti unaotupa ua hilo, kwa kuwa wengi wetu tunaijua harufu yake na wachache tu ndio tunaoujua ukoo wake.

Wataalamu wa mimea hawaipangi miti kwa harufu. Wangefanya hivyo, asumini na kilua vingekuwa ndugu. Kumbe asumini ni jamaa ya mzaituni, mti ulioapiwa katika Sura At-Tin. Wao hutazama ua limejengwaje na mbegu imeumbwaje. Mkilua umo katika familia ya mstafeli, mtomoko na mlangilangi, na alama ya familia hiyo ni hesabu ya tatu: aghalabu majani matatu madogo ya kikombe, kisha petali sita zilizopangwa tatu nje na tatu ndani. Alama nyingine imo jikoni mwetu. Chukua mbegu ya stafeli, uipasue kwa urefu wake, na utaona nyama yake ya ndani imejaa mikunjo myembamba. Mbegu za familia hii zote zina mikunjo hiyo. (Watoto wasiachiwe kuziponda mbegu hizi wala zile za matomoko, kwani unga wake ukiingia machoni hudhuru sana.)

Jina la kitaalamu la mti huu lilitoka kwetu. Mwaka 1970 Bernard Verdcourt, mtaalamu wa bustani ya Kew nchini Uingereza aliyepata kufanya kazi Afrika Mashariki, aliona kuwa mti huu hauingii katika jenasi yoyote iliyokwisha kutajwa. Akauundia jenasi yake peke yake, na badala ya kuipa jina la mfalme au la rafiki, akaiita Mkilua. Jina lake kamili likawa Mkilua fragrans, na neno hilo la pili ni Kilatini, maana yake "yenye kunukia". Basi mwanafunzi wa mimea popote duniani, akiutaja mti huu, hulitamka neno la Kiswahili.

Hata ndani ya familia yake mkilua ni mgeni wa ajabu. Jamaa zake wa karibu kabisa hawapo Afrika. Wote wako Amerika ya joto, ng'ambo ya Atlantiki. Mmoja wao hukua Meksiko na Guatemala, na Waazteki walikuwa wakizikausha petali za ua lake na kuzitia katika kinywaji chao cha kakao ili kinukie. Watu wasiopata kuonana nasi nao waliitafuta harufu kutoka ukoo ule ule. Subhanallah.

Mti wenyewe kwa asili ni wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, wala hauna kwao kwingine. Misitu hiyo imebaki vipande vipande, na nyua nazo zinapungua. Ukunda na Diani nyumba mpya hujengwa na ua wote ukasakafiwa, pasibaki hata shimo la mti mmoja. Vikuba vya harusi sasa huchanganywa na maua ya plastiki yaliyopuliziwa manukato ya chupa. Hatuwalaumu wanaoyauza, kwani nao wanatafuta riziki, ila Mtume wetu (s.a.w.) alipotufunza tusiirudishe rihani tunapopewa, hakuna shaka kuwa ilikuwa rihani iliyo hai.

Mwenye nafasi ya hatua chache nyuma ya nyumba na apande mkilua, penye kivuli kidogo na udongo wenye majani yaliyooza kama wa msituni. Mche usichimbwe kayani: Kaya Kinondo, iliyo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2008, mila hairuhusu kutolewa hata ukuni. Aombwe jirani mwenye mti, atoe mbegu, na anayepewa amwachie naye ahadi ya vilua vya kwanza.