Kazi ya mifugo ipo, ajira ndiyo haba: Kijana wa Maji ya Chai asomee nini?

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi wa Maji ya Chai na kata jirani za Meru hujiuliza: mtoto akasomee nini? Fani ya mifugo iko jirani nao kuliko fani nyingi. Ukishika barabara ya Moshi kuelekea Arusha unafika Usa River, kilipo Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC, kinachovuna na kuhifadhi mbegu za madume bora. Mbele yake ni Tengeru, yenye kampasi ya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA.

Hata hivyo, wazazi wengi wanasita, na wana sababu. Nafasi za afisa mifugo serikalini hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, na wanaoziomba ni wengi kuliko nafasi zenyewe. Je, ada iliyolipwa itarudi?

Jibu linategemea unatafuta nini: ajira au kazi. Hivyo ni vitu viwili.

Kazi iko wapi?

Meru ardhi ni finyu. Ng'ombe hufugwa bandani, kando ya migomba na kahawa, na hukatiwa majani. Mwenye ng'ombe wawili hawezi kuongeza wa tatu hadi wa kumi. Njia yake ni kupata maziwa mengi kwa hao hao. Hapo ndipo mtaalamu anapohitajika.

Chukua kupandisha kwa mrija. Ng'ombe hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi. Akionekana asubuhi, hupandishwa jioni. Akionekana jioni, hupandishwa kesho yake asubuhi. Mtaalamu akichelewa siku moja, mfugaji anasubiri wiki tatu nyingine, na siku ya kuzaa na kukamua inasogea mbele. Kwa hiyo mtaalamu anayeishi kijijini ana thamani kuliko anayetoka mbali.

Chukua pia ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe na kuua ndama wengi. Chanjo yake ipo, lakini huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na huchomwa sambamba na dawa. Si kazi ya kubahatisha.

Juni 2025 serikali ilizindua mkoani Simiyu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Inahusu homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka ya mbuzi na kondoo, na kideri cha kuku, pamoja na kuvalisha mifugo hereni. Kazi kama hiyo inahitaji mikono iliyofundishwa karibu kila kijiji.

Kinachokwamisha

Kikwazo cha kwanza ni mtaji. Mhitimu hutoka chuoni na cheti, lakini hana pikipiki wala mtungi wa naitrojeni. Na naitrojeni hupungua kila siku hata usipoitumia, hivyo mtungi lazima ujazwe tena. Mwenye wateja wachache anaweza kupata hasara. Vijana wawili au watatu wakishirikiana mtungi mmoja, au wakifanya kazi chini ya ushirika wa maziwa, mzigo unapungua.

Kikwazo cha pili ni mchoma sindano asiyesoma. Anatoza kidogo, na dawa anainunua dukani. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka anayetoa huduma hiyo awe ametambuliwa na Baraza la Veterinari. Lakini mfugaji mwenye ng'ombe aliyelala chini haulizi cheti. Anamwita aliye karibu. Gharama huonekana baadaye: dawa isiyo sahihi, usugu wa vimelea, na maziwa yenye mabaki ya dawa yakanywewa na watoto. Mhitimu atamshinda mtu huyo kwa kufika mapema na kumweleza mfugaji ukweli, hata pale ambapo ng'ombe hahitaji sindano.

Kabla ya kulipa ada

Vyuo vya LITA hutoa astashahada na stashahada za afya na uzalishaji wa mifugo. Mwenye kidato cha sita cha sayansi anaweza kwenda Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kusomea sayansi ya wanyama au udaktari wa mifugo. Biolojia na Kemia ndizo zinazofungua mlango, hivyo kijana aliye kidato cha pili asiziache.

Chuo chochote, cha serikali au binafsi, hakikisha kimesajiliwa na NACTVET. Uliza mafunzo ya vitendo ni ya muda gani, na kama wanafunzi hushika ng'ombe au hutazama tu. Kwa stashahada, uliza pia Bodi ya Mikopo: tangu mwaka wa masomo 2023/2024 imefungua mikopo kwa baadhi ya fani za stashahada, kilimo na mifugo zikiwemo.

Mwisho, mzazi na mtoto wapite kijijini wakahesabu: kuna ng'ombe wa maziwa wangapi, nani anawahudumia sasa, na akiitwa anafika baada ya saa ngapi? Ikiwa ng'ombe ni wengi na mtaalamu yuko mbali, kazi inamngoja kijana huyo. Ikiwa anayetazamiwa ni mwajiri pekee, afahamu mapema kwamba foleni ni ndefu.