Kozi wa masika wahesabiwe Kilifi

Sisi wafugaji wa kuku wa kienyeji hapa Kikambala tunamjua mwewe kabla hatujamwona. Koo hulia kilio chake kile kifupi, vifaranga hukimbilia chini ya mbawa, na mtoto hutoka mbio akigonga debe. Sina ugomvi na anayelinda vifaranga wake, kwa kuwa na mimi nawalinda wangu. Lakini masika yanapoanza, hupita juu ya mashamba yetu ndege wengine wa mbuai ambao hawana habari na kuku, na hao ndio wanaopigwa manati kwa makosa ya mwewe. Naandika kuwatetea, na kuiomba kaunti yangu jambo moja tu: wahesabiwe.

Ninaowazungumzia hasa ni kozi wa Amur, walioitwa hivyo kwa mto ulioko kwenye mpaka wa Urusi na China. Ni ndege mdogo, uzito wake haufiki gramu 200. Dume ana rangi ya moshi, mapaja ya kutu na miguu ya rangi ya machungwa iliyoiva, na akikugeuzia tumbo utaona ndani ya bawa pana weupe usioutarajia. Jike ana kifua cheupe chenye madoa meusi. Chakula chao kikubwa ni wadudu: panzi, nondo, kereng'ende, na zaidi ya wote, kumbikumbi.

Anayetaka kuwaona asubiri mvua kubwa ya Aprili ikatike alasiri. Jua likichungulia na ardhi ikaanza kufuka, kumbikumbi hutoka kwa wingi kwenye vichuguu, na watoto huwahi na sufuria. Hapo tazama upande wa bara, juu ya vilima vya Jibana na Kambe. Vidoa vinatokea kwenye ukingo wa wingu, vinazunguka, vinashuka, na muda si muda kozi wako juu ya mihogo yako. Hawapigi mbizi kama mwewe. Kila mmoja humdaka kumbikumbi kwa mguu, akainamisha kichwa, akamla hapohapo angani bila kukatiza safari, na mbawa za yule mdudu zikadondoka polepole kwenye majani. Watoto wanaokota chini, kozi wanadaka juu, wala hakuna anayempunguzia mwenzake. Kisha giza linaingia na kesho hawapo.

Huwa wanatoka kusini mwa Afrika, walikokaa kiangazi cha huko, na wanarudi kwao kuzaa, Mongolia, Siberia ya mashariki na kaskazini ya China. Wakiwa wanarudi hupitia Afrika Mashariki hadi Somalia, halafu huikata Bahari ya Arabu kuelekea India. Ni zaidi ya kilomita 2,000 za maji matupu, kwa ndege asiyejua kuogelea wala kupumzika juu ya mawimbi. Upepo unaowasaidia ni kusi, ule ule ambao manahodha wa Lamu na Malindi waliungoja ili majahazi yarudi Arabuni na Bara Hindi. Mtafiti Charles Anderson, aliyeishi Maldives, aliandika mwaka 2009 kuhusu mamilioni ya kereng'ende wanaovuka bahari hiyo hiyo, na wataalamu wengi wanaamini kwamba kozi hujilisha kwao njiani. Kwa hiyo mdudu anayeanguliwa kwenye dimbwi la maji ya mvua ana nafasi yake katika safari ya ndege wa Siberia. Mimi jambo hilo linanishika sana kila ninapopita penye dimbwi.

Mwaka 2012 dunia ilipata habari mbaya za ndege hawa. Katika bwawa la Doyang, jimbo la Nagaland huko kaskazini-mashariki ya India, ambako hukusanyika kwa maelfu wakielekea Afrika, wavuvi walikuwa wakitandika nyavu zao juu ya miti na kuwanasa. Ilikadiriwa kwamba kwa siku waliuawa kati ya 12,000 na 14,000, wakauzwa kama kitoweo. Kilichofuata ndicho ninachotaka wazee wetu wakisikie. Mabaraza ya vijiji, kikiwemo kijiji cha Pangti, yalipiga marufuku unasaji, na msimu wa 2013 nyavu hazikutandikwa. Novemba ya mwaka huo kozi watatu walifungwa vifaa vya setilaiti na kupewa majina ya huko: Naga, Wokha na Pangti. Watu waliokuwa wakiwala walianza kufuatilia walikofika. Wazee waliketi, wakasema basi, na vijana wakasikia. Sisi tulio na wazee wa kaya, ambao neno lao limeilinda misitu ya Jibana, Kambe na Ribe kwa karne nyingi, hatuwezi kusema jambo kama hilo halitutokei.

Huku kwetu hakuna mauaji ya namna ile. Hatari yetu ni ya kimya zaidi. Mwaka 2022 watafiti walichapisha matokeo ya kulinganisha hesabu za ndege wa mbuai zilizofanywa barabarani nchini Kenya miaka ya 1970 na zile za baada ya 2003. Kati ya aina 22 walizozichunguza, 19 zilikuwa zimepungua. Linganisho hilo liliwezekana kwa sababu moja: miaka ya 1970 kulikuwa na watu walioendesha gari polepole, wakaandika kila tai na kila kipanga waliyemwona. Bila madaftari yao tungebaki na maneno ya wazee kwamba zamani walikuwa wengi, na maneno hayo, ingawa ni ya kweli, hayamzuii mtu kupima viwanja.

Nchini Marekani thamani ya kuhesabu ilionekana mapema. Kwenye mlima mmoja wa Pennsylvania wawindaji walikuwa wakipanda kila mwaka kuwapiga risasi vipanga wanaopita. Mwaka 1934 mama mmoja, Rosalie Edge, aliikodi ardhi ile, akamweka Maurice Broun kuilinda, na Broun akaanza kuhesabu. Miaka mingi baadaye Rachel Carson alipoandika kitabu chake cha 1962 dhidi ya dawa ya DDT, alitumia hesabu za mlima ule, ambazo zilionyesha kwamba tai wachanga walikuwa wamekuwa adimu.

Pwani yetu haikosi wahesabuji. Ndege wa majini huhesabiwa kila Januari nchini, kwa uongozi wa Makumbusho ya Taifa, na pale kwenye hori ya Mida, watu wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya wamekuwa wakiwavisha pete ndege wa matopeni. Kozi wa Aprili wanastahili daftari lao pia, na mapema, maana nchi wanayopita inabadilika haraka. Ardhi ya mkonge ya Vipingo, iliyokuwa wazi hadi upeo wa macho, sehemu yake leo ni nyumba na uwanja wa gofu. Barabara ya Mombasa hadi Kilifi inapanuliwa. Na kila aliye na shamba dogo ana chupa ya dawa ya wadudu, ambayo anapulizia bila kuuliza. Sipingi nyumba wala barabara; nataka tujue tunachokitoa tunapozipata.

Jirani yangu, mzee wa Kijibana, nilipomwambia haya alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, hesabu ya ndege itanipa unga?"

Swali lake ni la haki na halijibiwi kwa maneno matamu. Mzee, Aprili na Mei ndiyo miezi ambayo wageni wa pwani huadimika, baadhi ya hoteli zikafunga, na vijana wetu wakarudishwa nyumbani bila mshahara. Ndiyo miezi hiyo hiyo kozi wanayopita. Huko Batumi, nchini Georgia, milima inapokutana na Bahari Nyeusi, ndege wa mbuai zaidi ya milioni moja hupita kila vuli. Tangu 2008 wanahesabiwa kutoka kwenye vilima vya vijiji vya Sakhalvasho na Shuamta, na familia za vijiji hivyo huwalaza na kuwalisha wageni wanaokuja kutazama. Kilifi si Batumi. Milima yetu ni midogo, kozi wetu hupita wametawanyika, na kuna siku hutaona hata mmoja. Lakini watembezaji wa msitu wa Arabuko-Sokoke wamesomesha watoto kwa kuwaonyesha wageni bundi mdogo aliyejificha mchana kutwa, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba ndege hawana riziki ndani yao.

Ninachokiomba hakihitaji bajeti kubwa. Aprili watoto wako likizo. Hao hao wenye manati ndio wenye macho. Idara ya elimu ya kaunti ichague shule chache zilizo juu ya vilima, kutoka Ribe hadi Chonyi, na A Rocha au Makumbusho watupatie mtu wa kuwafundisha walimu namna ya kumtofautisha kozi na mwewe. Kila kituo kiwe na darubini moja na daftari moja. Watoto wakae mahali pale pale, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni, waandike idadi, upepo unakotoka, na kama mvua imenyesha. Taarifa ziingizwe kwenye Kenya Bird Map, ambayo tayari inapokea maingizo ya wananchi. Jioni ambayo hakuna aliyepita iandikwe sifuri, isiachwe wazi, kwa sababu atakayelisoma daftari hilo mwaka 2060 lazima aweze kutofautisha siku ambayo kozi hawakuja na siku ambayo sisi hatukutazama.