Wimbo Haukusikilizwa: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Mafunzo ya Muziki

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Anayekuandikia ni mwalimu wa kwaya wa Kuluba, wilaya ya Koboko, Uganda. Ana uoni hafifu, na kisa chake ofisi yako inakijua. Jina la taasisi halitatajwa hapa. Kinachotafutwa ni jibu, si kuaibishana.

Katika mtihani uliopita wa utunzi, watahiniwa walitakiwa kuandika wimbo wa sauti nne kwa kompyuta. Nota za mkono zilikataliwa. Mwalimu aliomba menyu zikuzwe na rangi za skrini zigeuzwe, nota ziwe nyeupe juu ya weusi. Akajibiwa kwamba mipangilio imefungwa kwa nywila na mwenye nywila hayupo. Muda ulipokwisha, besi ilikuwa nusu. Kazi ikaandikwa "haijakamilika", ikawekwa kando. Wimbo haukusikilizwa. Nauli ya Koboko hadi Arua na ada ya mtihani vilipotea pia, lakini hivyo havitafutwi tena.

Pengine wakubwa hawajui jicho hafifu linakutana na nini pale. Ukikuza ukurasa, nota zinakua, ila vitufe vya pembeni vinabaki vidogo vilevile. Ukitumia kikuza skrini, vitufe navyo vinakua, lakini skrini nzima inabeba kipande kifupi tu cha wimbo: ufunguo umetoweka kushoto, besi imezama chini, na mtunzi anahangaika na kipanya akiitafuta sauti ya tenori. Nukta iliyo ubavuni mwa nota huirefusha. Ikikaa juu yake, huikatisha. Kwa asiyeona vizuri, zote mbili ni doa moja. Hapo hapimwi mtunzi tena, yanapimwa macho yake. Na wimbo haukusikilizwa.

Dawa yake haisubiri wafadhili. MuseScore ni programu ya bure. Toleo lake la 4, lililotoka Desemba 2022, lina rangi za kutofautiana vikali, linakubali kukuzwa kwa maandishi ya menyu, na mtu anaweza kuandika nota kwa kibodi huku kisomaji skrini kikimtajia jina na urefu wa kila nota. Kisomaji chenyewe, NVDA, ni cha bure. Kilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kisha akajiunga naye James Teh, wote wawili Waaustralia wasioona. LilyPond, nayo ya bure, hupokea nota kama herufi: mtunzi huandika c, d, e kwa ukubwa wa maandishi anaoutaka, na mistari mitano huchorwa na programu.

Louis Braille, mpiga kinanda wa kanisani mjini Paris, alipochapisha mfumo wake wa maandishi ya wasioona mwaka 1829 aliweka humo na namna ya kuandika muziki. Suala hili si geni.

Wala sheria haikukosekana. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na ibara ya 30 inadai wapewe nafasi ya kukuza vipaji vyao vya sanaa, kwa faida yao na ya jamii. Ikaja Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2020. Kilichokosekana ni mtu wa kufungua mipangilio, na kwa kukosa hilo tu, wimbo haukusikilizwa.

Tatizo si la chumba kimoja cha kompyuta. Wanaonunua vifaa vya shule na vyuo huuliza bei na kasi. Asiyeona vizuri atavitumiaje, hawaulizi. Huku kwetu nyimbo nyingi za kwaya, za Kikakwa, Kilugbara na Kiswahili, zimo vichwani mwa walimu. Mwalimu asipoweza kuandika mwenyewe, humwimbia mwingine amwandikie, na akizeeka bila mwandishi huondoka nazo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, yanaombwa haya. Mipangilio ya kompyuta ifunguliwe kabla ya mtihani. NVDA iwekwe katika kila mashine. Mwenye uoni hafifu aongezewe muda, na faili la LilyPond au nota za mkono zipokelewe. Na mwalimu wa Kuluba aitwe amalizie besi yake mbele ya watahini. Wausikilize wimbo kwanza, kisha waukatae wakiona haufai.